Mshairi wa Rumi Aliyenifikia Moi's Bridge

Usinicheke, msomaji. Mimi mtu wa pwani, nimekaa Moi's Bridge, mji ulioitwa Hoey's Bridge zama za wakoloni, kati ya Eldoret na Kitale, na jioni nasoma Kilatini. Nje malori ya mahindi yapita. Ndani nipo na Catullus, mshairi wa Rumi aliyefariki mnamo mwaka 54 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, naye hajazeeka, apata miaka 30 tu.

Tungo zake hazina vina, nami mwanzoni nilizidharau. Kisha nikahesabu mizani: nyingi ni 11 kila mstari, silabi ndefu na fupi zimepangwa kama katika arudhi ya Waarabu. Hapo nikaketi vizuri! Mpenziwe alimwita Lesbia, jina la fumbo. Wataalamu wengi husema ni Clodia, mke wa mtu mkubwa. Kufumba si kugeni kwetu.

Lililoniondolea usingizi ni jingine. Tungo hizo, zaidi ya 100, karibu zote zilitufikia kwa nakala moja tu, iliyozuka Verona, mji aliozaliwa, karibu na mwaka 1300, nayo baadaye ikapotea. Nikamkumbuka Muyaka wetu wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Lau si kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua na kalamu ya Mwingereza Taylor, tungelibakiwa na nini?

Shangazi yangu ana tungo zake za harusini kichwani, hata moja haijaandikwa. Likizo hii nateremka pwani na madaftari mawili.