HESABU YA KIMA PUNJU NA NAFASI YA MSITU

Wananchi wanafahamishwa kuwa kuhesabu wanyama ni jambo moja, na kukadiria idadi yao ya baadaye ni jambo jingine. Mwaka 1945 P. H. Leslie alieleza namna ya kupanga namba katika jedwali, yaani matriksi: kila rika huzaa wangapi, na wangapi hufikia rika linalofuata.

Mwanafunzi huielewa njia hiyo barabara anapoiandikia programu ya kompyuta. Jedwali lisipobadilika, idadi hatimaye hukua kwa kiwango kimoja. Tuseme kima punju 1,000 waongezeke kwa asilimia 10 kila mwaka; baada ya miaka 50 programu itajibu kuwa wamezidi 117,000. Hapo mwanafunzi hutanabahi: Msitu wa Jozani utawaweka wapi? Hubadilisha mstari mmoja tu, akaagiza kuwa kadiri kima wanavyosongamana, watoto wanaookoka wapungue. Idadi hupanda, kisha hutulia pale chakula kinapotosha.

Jedwali la kwanza halijali msitu ukikatwa. La pili huteremsha kikomo kila miti inapoondoka. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, nao hawapatikani duniani isipokuwa Zanzibar.