Matayarisho ya Siku ya Kutiwa Hina

Katika miji ya mwambao wetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, arusi haitimii mpaka bibi arusi atiwe hina na kuchorwa maua mikononi na miguuni. Na kwa kuwa jambo hili ni la furaha, aghalabu jamaa hushughulika na nguo, udi na mialiko, wakaighafilikia ngozi yenyewe, ambayo ndiyo itakayoipokea rangi hiyo kwa uzuri au kwa maumivu.

Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa, yakatwangwa na kuchekechwa, nayo yana kiini cha rangi ambacho wanakemia hukiita lawsoni. Kiini hicho hutoka taratibu majani yakikorogwa kwa maji ya ndimu, ndiyo sababu hina huachwa saa kadhaa kabla ya kupakwa. Kisha hushikamana na tabaka la juu la ngozi, na madhali tabaka hilo ni nene zaidi viganjani na nyayoni, huko ndiko rangi inakokolea kuliko kwingineko. Hina inapobanduliwa, rangi huwa ya chungwa, ikaendelea kuiva kwa hewa kwa muda wa saa 24 hata 48 mpaka iwe ya kahawia iliyoelekea wekundu. Basi mwenye arusi Ijumaa na atiwe hina Jumatano, wala asingoje usiku wa Alhamisi.

Kunyoa na kusinga mwili kutangulie, kwani asuguliwaye baada ya hina huondolewa ngozi pamoja na rangi yake. Siku yenyewe aoge kwa sabuni, asijipake mafuta, avae nguo ya mikono mipana, na ale kabla ya kuketi, maana kazi ni ndefu na mikono haitakuwa yake tena. Hina ikae saa sita au usiku kucha, ibanduliwe kavu, na maji yaepukwe kadiri iwezekanavyo hata kesho yake.

Subira hiyo ndiyo iliyowachosha wengi, na kwa mlango huo ikaingia piko nyeusi iliyotengenezwa kwa unga wa kupakia nywele, wenye dawa iitwayo parafenilenidiamini. Ulaya sheria hairuhusu dawa hiyo izidi sehemu 2 katika 100 ndani ya rangi ya nywele inapotiwa kichwani, wala hairuhusu kamwe ichorwe juu ya ngozi. Ilhali kwetu huchorwa wanawali, hata watoto wadogo siku ya Idi, pasina mtu kuuliza imo kiasi gani. Mara ya kwanza yaweza kupita salama huku mwili ukijifunza kuichukia, na mara ya pili, baada ya siku moja au mbili, ua lote likavimba, likawasha na kutoa malengelenge, na pengine likaacha kovu au baka jeupe lenye umbo lile lile la mchoro.

Wako wanaoshauri ijaribiwe kwa tone dogo. Kwa hina safi shauri hilo ni jema. Kwa piko hiyo silikubali, kwani jaribio lenyewe laweza kuwa ndilo linaloamsha uadui huo, nao ukishaamka aghalabu hudumu maisha. Afadhali kumwuliza mpakaji, kwa adabu na bila haya, amechanganya nini, na kuikataa rangi yoyote inayoahidiwa kuwa nyeusi tititi kwa muda wa saa moja, kwa sababu majani ya mhina hayana uwezo huo.

Watoto wachanga, na kila ajulikanaye kuwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, wasitiwe hata hina safi, kwani lawsoni ikipenya yaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu yao. Na aliyekwisha kupatwa na malengelenge ya piko asipake tena rangi nyeusi ya nywele, na amweleze tabibu habari hiyo kabla ya kupewa dawa ya ganzi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina unasaba na ile iliyomdhuru.