Oili ya Haidroliki Isikugharimu Mkono: Ushauri kwa Wakata Nyasi wa Dubai

Mdogo wangu alinipigia simu majira ya joto yaliyopita, sauti imemshuka. Anafanya kazi ya bustani hapa Dubai, anaendesha mashine ya kukatia nyasi, ile ya kupanda. "Kaka," akasema, "leo nilikuwa nipoteze mkono."

Mashine yake ilikuwa ikidondosha oili. Akainama, injini inanguruma, akanyoosha mkono apapase mpira wa haidroliki ajue umetoboka wapi. Fundi mzee akamdaka kifundo cha mkono. Akachukua kipande cha boksi, akakipitisha karibu na mpira, na papo hapo mstari mwembamba wa oili ukajichora juu yake. Tundu lenyewe halikuonekana kwa macho.

Vijana wetu wengi wako kwenye kazi hii. Tangu Emirates Golf Club ifungue uwanja wake wa nyasi mwaka 1988, jangwa la hapa limeendelea kuvalishwa kijani, na kila kijani kinahitaji mtu wa kukikata. Basi tuzungumze kuhusu mashine hiyo.

Inavyofanya kazi

Katika mashine nyingi za aina hii, injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, na oili ndiyo inayozungusha mota za magurudumu. Ukisukuma mkono wa kuendeshea, unaongeza oili inayokwenda kwenye mota. Oili hiyo hiyo inalainisha vyuma na kubeba joto kulitoa nje.

Hapo ndipo Dubai inapoleta shida. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na oili ikichemka inakuwa nyepesi kama maji, inapenya pembeni mwa vyuma badala ya kuvisukuma. Dalili yake ni hii: alfajiri mashine ina nguvu, ikifika saa tatu inashindwa kupanda hata kijilima. Vumbi nalo likijaa kwenye feni na mapezi ya kupozea, joto halina pa kutokea.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha

Egesha mashine mahali tambarare, ikiwa imepoa. Futa mchanga kuzunguka kifuniko cha tangi kabla ya kukifungua, kwa sababu punje chache zikiingia ndani zinakwaruza pampu. Kisha tazama kiasi cha oili na rangi yake. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, imepata joto kupita kiasi. Ikiwa na povu, inavuta hewa. Kagua mipira: nyufa, uvimbe, unyevu kwenye maungio. Usipuuze tone dogo. Oili ya moto ikidondoka huunguza nyasi na kuacha mstari wa kahawia ambao bosi atauona kabla yako.

Kubadilisha oili na filta

Fuata saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Tumia oili iliyotajwa humo. Baadhi ya mashine hutaka oili ya injini ya 20W-50, nyingine oili maalumu ya haidroliki. Usichanganye. Badilisha filta pamoja na oili.

Baada ya hapo, toa hewa. Inua magurudumu ya kuendeshea, weka stendi imara, usitegemee jeki peke yake. Fungua vali inayoruhusu mashine kusukumwa kwa mkono, washa injini, peleka mkono wa kuendeshea mbele na nyuma polepole mara kadhaa. Zima, funga vali, washa, rudia. Mwisho pima oili tena, maana hewa ikitoka kiwango hushuka.

Mkono wako kwanza

Oili yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huwa kidogo, pengine hakiumi sana, na mtu huendelea na kazi. Ndani oili inaharibu nyama, na saa chache za kuchelewa zinaweza kuleta kukatwa kidole au mkono. Usitafute tundu kwa mkono. Tumia boksi na uvae miwani ya kazi. Ikikupenya, nenda hospitali wakati huo huo, au piga 998 uite ambulensi, na useme wazi kwamba ni oili ya shinikizo.

Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Muda huo ni wa kupumzika kivulini. Nayo mashine iache ipoe, uipulize vumbi ukirudi kazini.

Mdogo wangu sasa anatembea na kipande cha boksi chini ya kiti cha mashine. Mama yuko Mombasa, na hajui kisa hiki. Anachojua ni kwamba kila mwisho wa mwezi pesa zinafika, na mkono unaozituma ni mzima.