Jino Halingoji Mshahara

Hesabu ya jino bovu huanzia kwenye duka la dawa. Siku ya kwanza ni vidonge vichache vya kutuliza maumivu. Wiki ya pili ni kapsuli za antibayotiki ambazo jirani alisema zilimsaidia. Mwezi ukifuata shavu limevimba, siku ya kazi imepotea, nauli ya kwenda hospitali ya wilaya imetoka kwenye hela ya chakula, na jino ambalo lingezibwa linang'olewa. Ukijumlisha yote hayo, familia imelipa pengine zaidi ya gharama ya kuziba, na imerudi nyumbani na pengo.

Tiba ya meno ni ghali kwa sababu zinazoeleweka. Vifaa na malighafi zake nyingi huagizwa kutoka nje, mashine zake zinahitaji umeme na matengenezo, na wataalamu wamejaa mijini kuliko vijijini. Lakini sehemu kubwa ya bili inayoiumiza familia hutokana na kuchelewa. Mzazi anayejua jino linavyoharibika anaweza kuweka fedha yake kidogo mahali panapozuia bili kubwa.

Tatizo lenyewe si la wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na watatu kati ya kila wanne wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Watoto wapatao milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza.

Jino huoza kwa hatua, na bei hupanda nazo

Juu ya meno hukaa utando laini unaonata, yaani ukoga, wenye bakteria wasiohesabika. Bakteria hao hula sukari tunayokula na kutoa tindikali. Kiwango cha pH kikishuka chini ya takribani 5.5, enameli, tabaka ngumu ya nje ya jino, huanza kupoteza madini ya kalsiamu na fosfati. Mate ndiyo yanayorekebisha: hupunguza makali ya tindikali na kurudisha madini, kazi inayoweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima. Mate yakipata nafasi, jino hujitengeneza. Yasipoipata, madini yanayotoka huwa mengi kuliko yanayorudi. Hutokea doa jeupe lisilong'aa, kisha tundu.

Doa jeupe halihitaji kuzibwa. Usafi na fluoridi vinaweza kulirudisha katika hali njema. Tundu dogo mara nyingi huzibwa kwa ziara moja. Uozo ukifika kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu, kuziba peke yake hakutoshi. Hapo inatakiwa tiba ya mzizi, picha za eksirei, pengine ziara zaidi ya moja, na kwa magego mara nyingi kofia ya kulinda jino lisivunjike. Jumla yake ni mara kadhaa ya bei ya kuziba.

Anayeshindwa na bei hiyo hung'oa. Kung'oa ni nafuu siku hiyo, ila gharama nyingine hufuata. Meno ya jirani huinamia pengo, jino la upande wa pili hukosa la kukutana nalo na kuanza kusogea, kutafuna huhamia upande mmoja. Siku familia inapoamua kuweka jino bandia, bei huwa juu kuliko ile ya kuziba iliyoogopwa mwanzoni.

Linalowaponza wengi ni kwamba hatua za bei ya chini kwa kawaida haziumi. Maumivu makali huja uozo ukishakaribia kiini. Kwa hiyo anayesubiri maumivu ndipo aende kwa daktari huwa amejiwekea bei ya juu bila kujua. Nazo kapsuli za dukani hazimwokoi: kiini kikishakufa, damu haipiti tena ndani ya jino kupeleka dawa. Uvimbe hupungua kwa siku chache kisha hurudi, kwa kuwa chanzo bado kipo.

Sukari: hesabu mara, si vijiko tu

WHO inashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50. Na ni bora zaidi ikishuka hadi nusu yake. Soda moja ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi au zaidi.

Kwa meno, hata hivyo, idadi ya mara ina uzito wa pekee. Mtoto anayekunywa chai ya sukari na andazi asubuhi, akamaliza, meno yake yameshambuliwa mara moja na mate yana muda wa kurekebisha. Mwenzake mwenye pipi mfukoni, ubuyu wa sukari wakati wa mapumziko na juisi ya pakiti anayoivuta kidogo kidogo hadi mchana, meno yake hayapati nafuu siku nzima. Hali mbaya zaidi ni mtoto mchanga anayelazwa na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, kwa sababu mate hupungua sana usingizini.

Hatua ya kwanza basi haihitaji fedha, na huenda ikaokoa fedha. Vitamu viliwe pamoja na mlo, si katikati ya milo. Kiu ikatwe kwa maji. Baada ya mswaki wa usiku, chochote isipokuwa maji kingoje asubuhi.

Shilingi ya kwanza iende wapi

Kama bajeti ya meno ni ndogo kabisa, inunue dawa ya meno yenye fluoridi. Fluoridi huyasaidia madini kurudi kwenye enameli na kuifanya istahimili tindikali. Isiyo na jina kubwa inafaa sawa na ya bei ya juu, mradi boksi lionyeshe kiwango cha fluoridi kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mzazi amsaidie kupiga mswaki, asubuhi na kabla ya kulala. Akimaliza ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili fluoridi ibaki ikifanya kazi.

Wanaotumia mswaki wa mti, kama ilivyo desturi ya Pwani na kwingineko, wana chombo kizuri cha kuondoa ukoga wakikitumia vizuri na kila siku. Wanachoweza kuongeza ni dawa ya meno yenye fluoridi.

Wakazi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wana jambo la ziada. Maji ya baadhi ya maeneo hayo yana fluoridi ya asili iliyozidi kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na magadi ya kupikia nayo huongeza. Mtoto akiyatumia miaka ya mwanzo, enameli ya meno ya ukubwani inapokuwa bado inajengeka ndani ya taya, meno hutoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Kuyafunika ukubwani ni ghali. Kumtafutia mtoto mdogo maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri au ya chanzo kilichopimwa ni nafuu mno, na dawa ya meno atumie kwa vipimo vilivyotajwa, bila kuimeza.

Kisha kuna gego ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akifika miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa hakuna lililotoka, mzazi hudhani ni la utoto, "litang'oka tu." Halitang'oka. Ndilo gego la kutafunia maisha yote, na mifereji yake yenye kina hukamata chakula kiasi kwamba huoza mapema. Daktari anaweza kuifunika mifereji hiyo kwa utando wa kinga, bila ganzi na bila kutoboa. Familia yenye uwezo wa kumpeleka mtoto kliniki mara moja tu asipokuwa na maumivu, impeleke mwaka ambao magego hayo yameota.

Kuziba bila mashine

Kuna tiba ambayo kila familia ya kipato cha chini inastahili kuiulizia, na asili yake ni hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alikabili swali la vijijini: utazibaje jino pasipo na umeme wala mashine? Jibu lilikuwa kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha kujaza tundu kwa saruji maalumu ya meno inayoshikamana na jino na kuachia fluoridi, iitwayo glasi-ionoma. Mbinu hiyo ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, na mwaka 1994 WHO ikaitangaza duniani. Wataalamu huiita ART.

Faida zake kwa mfuko ni za wazi. Haihitaji umeme, mara nyingi haihitaji sindano ya ganzi, na inaweza kufanyika darasani juu ya meza. Watoto huiogopa kidogo kuliko mlio wa mashine. Ina mipaka pia: hudumu vizuri kwenye tundu dogo la upande mmoja wa jino, na hudumu kidogo pale tundu linapogusa pande mbili au zaidi. Haifai kabisa uozo ukishafika kwenye kiini. Hapo tena muda ndio unaoamua bei.

Mwaka 2021 WHO iliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye fluoridi, saruji ya glasi-ionoma, na kimiminika cha fluoridi chenye madini ya fedha. Kimiminika hicho hupakwa kwenye tundu kwa dakika chache, nacho kinaweza kusimamisha uozo. Huitia sehemu iliyooza weusi wa kudumu, jambo ambalo mzazi aelezwe mapema, lakini kwa jino la utoto lililobakiza miaka michache kinaweza kumwepusha mtoto na kung'olewa.

Ukifika kwa daktari

Mgonjwa mwenye fedha kidogo ana haki ya kusema hivyo bila aibu. Mwambie daktari kiasi ulicho nacho, kisha omba mpango wa tiba ulioandikwa kwa mafungu: lipi lifanyike leo, lipi linaweza kungoja miezi, na lipi ni la kupendezesha tu. Usaha na maumivu hutangulia. Hufuata matundu madogo, hasa kwenye magego ya ukubwani, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayopanda bei. Kujaza mapengo na kunyoosha meno vinaweza kungoja.

Uliza pia kama kuna njia ya pili. Kliniki za vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, kama zilizopo Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi, huhudumia wagonjwa kwa mikono ya wanafunzi walio chini ya uangalizi wa walimu wao. Ziara huchukua muda mrefu, lakini mara nyingi bei ni ya chini kuliko kliniki binafsi.

Mwenye bima aulize mambo matatu kabla ya kukaa kwenye kiti: kuziba kumo? Tiba ya mzizi imo? Kuna kikomo cha fedha kwa mwaka? Bima nyingi huacha nje kofia na meno bandia. Wasio na bima wanaweza kukigeukia kikundi cha kuweka na kukopa: mkopo mdogo wa kuziba jino la mtoto hulipika, na mfuko wa jamii unaosaidia wagonjwa na wafiwa unaweza kuandika jino katika kanuni zake.

Yasiyofaa kubaniwa fedha

Uvimbe unaoshuka chini ya taya au kupanda kuelekea jicho, homa, kushindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua: hizo ni dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo, kwa kuwa usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Nauli ikopwe.

Usimpe fundi wa mtaani mdomo wako kwa sababu ya bei. Kifaa kisichotakaswa ipasavyo kinaweza kuleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Wala usimpeleke mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha akang'olewe yanayoitwa "meno ya plastiki." Vile vinundu vyeupe kwenye ufizi ni machonge ya utoto yanayojiandaa kutoka. Kuvichimba huleta damu nyingi na maambukizi, huharibu jino la ukubwani lililo chini yake, na humchelewesha mtoto kupata tiba ya ugonjwa wenyewe.

Familia haiwezi peke yake

Nidhamu ya nyumbani ina kikomo. Mama aliyeko kijijini, mbali na mtaalamu wa kinywa na meno, hata akijua yote yaliyoandikwa hapa, hana pa kuyapeleka. Mwaka 2021 nchi wanachama wa WHO zilipitisha azimio la kuondoka kwenye tiba ya kung'oa na kwenda kwenye kinga. Azimio hilo litapimwa katika bajeti za halmashauri. Kila kituo cha afya kiwe na seti ya vifaa vya mkono, saruji ya kuzibia na mhudumu aliyefundishwa kuitumia, na shule ya msingi itembelewe kila mwaka kuwakagua watoto wa darasa la kwanza. Hayo hayahitaji umeme wala jengo jipya, na yalionekana kuwezekana tangu miaka ya 1980. Wazazi wayadai kwenye mikutano ya kijiji na kwenye kamati za shule, kwa sauti ileile wanayodaia dawa na maji.