Baiskeli ya stima ni yako, usalama ni wa ploti nzima

SIKU hizi si ajabu, msomaji, kupitwa na baiskeli inayopanda mlima bila mwendeshaji wake kutoa hata tone la jasho. Miguu inakanyaga pedeli polepole kama ya mtu asiye na haraka, ilhali chombo chenyewe kinachapuka. Hiyo ndiyo baiskeli ya stima, na yamkini hata wewe umeanza kupiga hesabu ya kuinunua, hasa ukikumbuka jinsi nauli ya matatu hupanda ghafla mvua inyeshapo.

Baiskeli si mgeni kwetu. Neno bodaboda lenyewe, ambalo leo twalihusisha na pikipiki, lilizaliwa mpakani Busia kwa vijana waliowavusha abiria kwa baiskeli baina ya Kenya na Uganda. Lakini hii ya sasa ina mota na betri, na vitu hivyo viwili vinaleta maswali ambayo wazee wetu hawakuwa na haja ya kujiuliza. Je, inakwenda kasi kiasi gani? Itachajiwa wapi? Na ni nani alalaye karibu nayo?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Wengi wetu jijini twaishi katika ploti za ghorofa zenye ngazi moja tu, mlango wa huyu ukitazamana na wa yule. Ukinunua betri mbovu, anayehatarika si wewe peke yako.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na mota. Kuna baiskeli ambazo mota husaidia tu wakati unapokanyaga pedeli, na kuna zile zenye kishikio cha kuongeza mwendo kama cha pikipiki. Katika nchi za Muungano wa Ulaya, baiskeli ya stima ya kawaida ni ile ambayo mota yake haizidi wati 250 na huacha kusaidia mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Kipimo hicho kinatosha kabisa kwa mtu anayekwenda kazini au chuoni. Ukiuziwa chombo chenye nguvu na kasi zaidi ya hapo, jua kwamba unakaribia kununua pikipiki. Uliza kwanza katika Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iwapo kinapasa kusajiliwa na kukatiwa bima.

Pili, isome betri. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa ubavuni mwake. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya uniti ya stima. Tuseme uniti moja ni Sh30. Basi kuijaza hakutazidi Sh15, hata ukihesabu umeme unaopotelea kwenye chaja. Betri kama hiyo huweza kukupeleka kilomita 25 hadi 35, kutegemea uzito wako, milima iliyopo na bidii ya miguu yako. Mtu wa Umoja anayefanya kazi katikati ya jiji husafiri kiasi cha kilomita 20 kwenda na kurudi, kwa hivyo itamtosha. Betri hupungua nguvu kadiri inavyozeeka. Basi usinunue ile inayotosha kwa shida.

Tatu, kagua breki. Nyingi za baiskeli hizi zina uzito wa kilo 20 hadi 30, na zikibeba mtu mzima na mzigo, kuzisimamisha si mchezo. Breki za diski ndizo bora, hasa wakati wa mvua. Kuna mafundi wanaoifunga mota kwenye ile baiskeli nyeusi ya zamani iitwayo Black Mamba. Chombo hicho ni imara kwa kubeba mizigo, lakini breki zake za vyuma hazikuundwa kwa mwendo wa mota. Ukitaka kazi hiyo ifanywe, breki zibadilishwe kabla ya mota kufungwa.

Mwisho, ijaribu. Iendeshe, ishuke, kisha uinyanyue. Ikiwa unaishi ghorofa ya nne na huwezi kuibeba, tafuta ile ambayo betri yake hutolewa na kuchukuliwa mkononi.

Moto hauchagui mlango

Katika jiji la New York, ambako wapelekaji wa vyakula hutumia baiskeli hizi kwa wingi, betri za lithiamu zilisababisha visa 268 vya moto mwaka 2023 na kuua watu 18. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa ni betri duni, betri zilizoharibika au kuchezewa, na chaja zisizolingana nazo. Mnamo Septemba mwaka huohuo, jiji hilo lilianza kutekeleza sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa baiskeli za stima ambazo hazijathibitishwa kufikia kiwango cha usalama kiitwacho UL 2849. Nawe muulize muuzaji akuonyeshe cheti cha kiwango hicho, au kile cha Ulaya cha EN 15194. Akianza kubabaika, nenda duka jingine. Cha rahisi, walinena wahenga, ni ghali.

Betri ya lithiamu ikishika moto huwa haitoi nafasi ya kufikiri. Hutoa moshi wenye sumu, huweza kulipuka, na hata baada ya kuzimwa huweza kuwaka tena. Kwa sababu hiyo, zingatia haya:

Tumia chaja iliyokuja na baiskeli au ile iliyoidhinishwa na mtengenezaji. Kuingia kwenye tundu hakuna maana kwamba inafaa.

Usichaji ukiwa umelala au ukiwa umetoka. Betri ikijaa, itoe.

Usichaji kwenye ngazi, kwenye ujia wala kando ya mlango wa pekee wa kutokea. Moto ukianzia hapo, ndio njia ya wote imezibwa.

Chomeka chaja moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa ekstensheni ambao tayari unabeba televisheni, pasi na jiko. Betri iwe mbali na kitanda, mapazia na jua kali.

Betri iliyovimba, inayonuka au kupata joto kupita kiasi isitumiwe tena. Ikianza kufuka moshi, toka, funga mlango nyuma yako, waamshe majirani, kisha upige 999. Usirudi kuokoa chochote.

Wapangaji na mwenye nyumba mnaweza kukubaliana mapema. Sehemu ya chini iliyo wazi, yenye waya uliofungwa na fundi halali na mita yake peke yake, ni bora kuliko kila mtu kuchaji kwa siri chumbani. Pia huondoa ugomvi wa nani amemaliza tokeni. Wanafunzi wa hosteli, ninyi pia mnahusika.

Barabarani

Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, unapita karibu mita saba kila sekunde. Mtoto akichomoka kati ya vibanda, utakuwa umemfikia kabla ya kushika breki. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Na kwa kuwa chombo chako hakina sauti, mama aliyejitwika mzigo hatakusikia, wala kipofu anayeitegemea mlio kujua kinachokuja. Hivyo, penye watu wengi punguza mwendo hadi ule wa miguu, piga kengele mapema, na pakisongamana shuka uisukume.

Vaa helmeti. Washa taa mbele na nyuma giza liingiapo. Kaa upande wako wa kushoto na usiende kinyume na magari. Ukikaribia matatu iliyosimama, tarajia abiria kuruka nje. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu baiskeli, usijaribu.

Na betri ikifa kabisa, isitupwe kwenye taka za nyumbani. Huko huweza kuwaka ndani ya lori au mikononi mwa wachakuraji. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu taka inawawajibisha wanaoingiza bidhaa nchini kwa kile kinachobaki baada ya matumizi. Siku ya kununua, basi, muulize mwenye duka kama ataipokea betri hiyo ikizeeka. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu bidhaa yake kuliko bei aliyokutajia.