Mwanao anataka kuwa mbunifu wa ndani ya nyumba? Mjaribu kabla ya kulipa ada

Ufuta ukishauzwa, wazazi wengi wa Milola hukaa kupiga hesabu ya ada. Sasa kijana aliyemaliza shule anasema anataka kusomea ubunifu wa ndani ya nyumba. Mzazi anajiuliza: nimelima msimu mzima ili mtoto akajifunze kupanga makochi na kutundika mapazia?

Swali hilo ni la haki, ila kazi yenyewe ni pana kuliko mapazia. Mbunifu huamua watu wapite wapi, mwanga uingie upande gani, moshi wa jikoni utokee wapi na bibi mwenye maumivu ya magoti afikeje chooni usiku. Rangi na mapambo huja baadaye.

Kwa sisi tunaoandika habari za afya, kazi hiyo si ndogo. Moshi wa kuni katika jiko lisilopitisha hewa huumiza mapafu ya mama na mtoto. Mbu wa malaria hupenya kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Dari na nyavu za madirishani huwapunguza. Rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto mdogo.

Wala si kazi ngeni pwani yetu. Nenda Kilwa uone magofu ya nyumba za Songo Mnara, kuta zake zina zidaka. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 pale Kilwa Kisiwani, lina bwawa lenye pembe nane. Waliojenga walifikiria maisha ya ndani.

Je, kazi hii inamfaa mwanao? Mpe mwezi mmoja, chumba kimoja, tepu ya kupimia na daftari. Apime chumba, akichore kwa vipimo, kisha akipange upya kwa vitu vilivyomo tu, bila kununua chochote. Wewe angalia mambo matatu.

Kwanza, anauliza? Anayeanza kwa kuwauliza wanaolala humo nini kinawasumbua ana dalili nzuri. Anayekimbilia picha za kwenye simu huenda anapenda vitu vizuri tu, na hilo peke yake halitoshi.

Pili, anarudia? Mwambie kitanda kimeziba mlango. Atanuna, au atachora upya? Wateja hubadili mawazo kila siku.

Tatu, anahesabu? Aandike bei ya rangi, mbao na ufundi, asivuke kiasi ulichompa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kulinda fedha za mteja na kusimamia mafundi.

Baadaye muombee nafasi kwa seremala wa karibu, ashinde kwenye vumbi la mbao wiki mbili. Mpeleke pia akapimwe macho. Baadhi ya watu, wanaume zaidi, huzaliwa bila uwezo wa kutofautisha vizuri nyekundu na kijani, na wengine hukua bila kujua. Hilo halifuti ndoto, lakini ni vyema alijue mapema.

Akifaulu, njia zipo. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina shahada ya fani hii. Sifa za kujiunga hutolewa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa TCU. Alama zisipotosha, aulize fani za ufundi katika chuo cha VETA Lindi. Fundi mzuri wa samani anaweza kuanzia hapo.

Mwambie ukweli pia: kazi nyingi ziko mijini, wengi hujiajiri, na mwanzoni kipato hakiji kila mwezi.

Mwezi ukiisha, kaeni mzungumze. Akisema bado anaitaka, utakuwa umeona kwa macho yako unalipia nini. Akisema imemshinda, usimcheke. Ada imebaki mfukoni, na chumba kimoja kimepangika.