Povu Halifui Kanzu

Mchuzi wa manjano ukimwagikia kanzu nyeupe, doa linakuwa la njano, na hilo halimshangazi mtu. Ajabu huja baadaye, kwenye beseni. Mche wa sabuni ukipita tu juu ya lile doa, njano inageuka nyekundu, wekundu wa damu iliyoanza kukauka. Mara ya kwanza kuliona jambo hili nilikuwa mtoto, nikakimbia kumwita bibi nikiamini nimeshaiharibu kanzu ya babu ya Ijumaa. Bibi hakusema kitu. Aliisuuza maji mawili, matatu, wekundu ukarudi kuwa njano, akaianika juani.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kilichotokea. Rangi ya manjano inatokana na kemikali iitwayo kukumini, na kukumini hubadilika rangi kulingana na maji yaliyoigusa. Kwenye asidi, kama maji ya ndimu, hubaki njano. Kwenye alikali kali kidogo hugeuka nyekundu. Sabuni ya mche ni alikali, na sabuni nyingi za unga ni alikali zaidi. Kwa hiyo kila jiko la hapa Wete, Pemba, lina kipimo cha maabara ndani ya kopo la viungo: paka manjano yaliyoloweshwa kwenye karatasi nyeupe, yaache yakauke, kisha dondoshea maji ya sabuni unayotaka kuinunua tena. Wekundu ukitoka mara moja, ujue alikali imo. Alikali hiyo ina kazi, maana hulegeza mafuta na kuufanya uchafu na nyuzi za nguo visukumane badala ya kushikana. Lakini ngozi ya mkono wa binadamu kwa asili ni ya asidi kidogo, na ndiyo maana anayefua nguo za watu wanane kwa mkono huishia na vidole vilivyochubuka.

Nimeanza na manjano kwa sababu nataka kuzungumzia sabuni ya bei nafuu, na sipendi kuizungumzia kwa majina ya pakiti. Kwenye maduka ya Wete pakiti hubadilika kila msimu. Zipo zinazovuka bahari kutoka Tanga na Dar es Salaam, zipo za Kenya, zipo zilizokuja kwa makontena kutoka Ghuba. Mnunuzi husimama mbele yake akiwa na noti chache mkononi, na anachoulizia ni mambo mawili: inanukia, na inatoa povu?

Povu ndilo jambo la kwanza la kulisahau.

Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia hujichomeka ndani ya mafuta yaliyoshika ukosi wa shati, vichwa vikabaki nje majini, na mafuta yale yakazungukwa, yakang'olewa, yakaelea. Kazi yote hiyo hufanyika ndani ya maji, pale nyuzi zilipo. Povu ni hewa iliyozungushiwa utando mwembamba wa maji na sabuni, limekaa juu ya beseni, mbali na uchafu. Linakuambia tu kwamba bado kuna sabuni isiyotumika. Sabuni za mashine za kufulia hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na nguo hutoka safi.

Na povu lina gharama ambayo haikuandikwa kwenye pakiti. Anayefua kwa mkono haachi kusuuza mpaka povu liishe. Povu likiwa jingi, ndoo za kusuuzia zinaongezeka. Kwa nyumba ambayo maji ya bomba huja kwa zamu, au binti anateremka kisimani na kupanda kilima na ndoo kichwani, hiyo ndoo ya ziada ni sehemu ya bei ya sabuni. Ningependa kila mama anayepanga matumizi ya nyumba aihesabu.

Tukishataja maji, tumefika kwenye kiini cha jambo. Watu wawili wanaweza kununua mche mmoja, wakaukata nusu kwa nusu, mmoja akausifu na mwingine akaulaani, na wote wakawa wakweli. Pemba haina maji ya aina moja. Katikati ya kisiwa kuna vilima vya udongo na mabonde yenye vijito. Pembezoni, hasa upande wa Micheweni, ardhi ni ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yanayopita kwenye chokaa huchukua kalisiamu, na kalisiamu hushikana na sabuni ya mafuta ikawa ule ukoko mweupe unaoganda ukingoni mwa beseni na kuacha nguo ngumu kama jamvi. Sabuni yote iliyoganda hivyo imekufa kabla ya kugusa uchafu. Visima vya karibu na pwani vina tatizo la pili, chumvi ya bahari, ambayo huizuia sabuni isiyeyuke vizuri.

Kuyapima maji hakuhitaji fedha. Thomas Clark, mkemia wa Aberdeen huko Scotland, aliionyesha njia yake mwaka 1841: tia sabuni ndani ya maji, tikisa, uone yanachukua sabuni kiasi gani mpaka povu lisimame. Nyumbani, kinga maji ya mvua kwenye chupa moja na maji yako ya kila siku kwenye chupa ya pili, ujazo sawa. Kwangua mche, tia makwangulio sawa kila chupa, tikisa sana. Chupa ya mvua itajaa povu, maji chini yakibaki angavu. Ya pili ikifanana nayo, una bahati, nunua mche wa bei ndogo na usihangaike. Ikiwa povu ni haba na maji yamekuwa kama tui lililokatika, mche peke yake utakula fedha yako. Hapo ndipo povu lina maana: linapima maji, halipimi ufuaji.

Sabuni ya unga ilizaliwa kutokana na matatizo kama haya. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walikosa mafuta ya kutengenezea sabuni, wakemia wao wakatafuta kitu cha kuchukua nafasi yake. Utafiti ulioendelea baada ya hapo ulileta chembe ambazo kalisiamu haizigandishi kwa urahisi, na mwaka 1946 kampuni ya Procter & Gamble ikaingiza Tide katika soko la Marekani, unga uliofua hata kwenye maji magumu. Unga wa leo ni mjukuu wa huo. Ndani yake mna kemikali ya kufulia, mna magadi ya kulainisha maji, na mara nyingi mna sodiamu salfeti, chumvi isiyofua chochote, inayojaza mfuko na kuufanya unga umwagike vizuri. Unga wa bei ya chini unaweza kuwa na kijazio kingi. Huwezi kukiona kwa macho, kwa kuwa nacho huyeyuka.

Lakini kabla ya unga, visiwa hivi vilikuwa na jibu lao, nazi. Katika karne ya 19 mbata za pwani yetu zilipakiwa melini kwenda Marseille, Ufaransa, mji ulioishi kwa kutengeneza sabuni. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye mkia mfupi wa kaboni 12, wakati mafuta ya mawese na ya wanyama yana mikia ya 16 na 18. Mkia mfupi huyeyuka upesi na hauogopi sana chumvi. Ndiyo maana sabuni ya nazi iliitwa sabuni ya mabaharia: hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Miche mingi ya siku hizi ni ya mawese. Ukimpata anayepika sabuni ya nazi halisi, na kisima chako kina chumvi, mfikirie kabla ya kufikiria pakiti yenye picha ya maua. Ina ubaya mmoja, hukausha mikono.

Wenye maji ya chokaa wana mganga mwingine, magadi, yale yale ambayo watu hutia kwenye maharage yaive. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa kibiashara tangu 1911, na magadi yake huenda kwenye viwanda vya vioo na sabuni. Magadi huishusha kalisiamu chini ikawa vumbi la chokaa. Siri ni kutia kijiko kwenye ndoo ya maji usiku, kuyaacha yatuame, na asubuhi kumimina maji ya juu. Ukitia magadi pamoja na nguo, lile vumbi litatuama ndani ya nyuzi. Na usiyatumie kwenye hariri wala sufu.

Sabuni ya maji inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizotumika inastahili maneno yake. Wengi wanaoitengeneza ni akina mama na vijana wa mtaani, na kazi yao naiheshimu. Huchanganya asidi ya salfoniki, magadi ya kuituliza asidi hiyo, ute mzito wanaouita slesi, rangi na manukato. Mwisho hutia chumvi, na hapa mnunuzi hudanganyika na macho yake. Chumvi ya mezani huifanya slesi iwe nzito, ikavutika kama asali, na ikizidi kipimo inarudi kuwa nyepesi. Uzito ule hauelezi kiasi cha sabuni kilichomo. Chupa nzito inaweza kuwa maji na chumvi zaidi ya chupa nyepesi. Karatasi yako ya manjano itakusaidia kidogo: ikiwa nyekundu kabisa, magadi yalizidi na mikono itakuambia.

Weupe nao unadanganya. Zamani kanzu ilisuuzwa kwa buluu, kwa sababu rangi ya samawati kidogo huificha njano machoni. Siku hizi pakiti nyingi zina king'arishi, kemikali inayopokea miale ya jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga wa samawati. Weka unga kidogo chini ya ile taa ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, utauona ukiwaka. Shati linaweza kung'aa hivyo na jasho bado limo kwapani.

Basi utachaguaje? Kwa kujaribu mwenyewe nyumbani. Mwaka 1882 au karibu na hapo, huko Braunschweig, Ujerumani, msichana Agnes Pockels, ambaye hakuruhusiwa kusoma chuo kikuu kwa kuwa ni mwanamke, alianza kuchunguza namna sabuni na mafuta yanavyobadilisha uso wa maji, kwa bakuli la bati jikoni kwao. Januari 1891 alimwandikia barua mwanafizikia Lord Rayleigh, na Machi jarida la Nature likaichapisha. Kazi yake ni miongoni mwa misingi ya elimu ya nyuso za maji. Nalitaja jina lake kwa sababu beseni ni mahali pa sayansi, na wanaolijua beseni ni wanawake.

Kata kitambaa cheupe kikuukuu vipande vitatu. Changanya mafuta ya kupikia na masizi ya sufuria, paka kila kipande kiasi sawa, acha usiku mmoja. Fua kila kimoja kwa sabuni yake, maji yale yale, kijiko kile kile, muda ule ule, kisha anika na ulinganishe vikishakauka. Viwanda vikubwa hufanya vivyo hivyo kwa vitambaa vilivyochafuliwa kwa kipimo kimoja. Halafu hesabu bei kwa beseni. Tuseme kilo ya unga mmoja ni shilingi 4,000 na ya mwingine 6,000. Ikiwa wa kwanza unahitaji vijiko vinne ambapo wa pili unahitaji viwili, wa 6,000 ndio rahisi. Pakiti ndogo za kuning'inia dukani nazo zigawe kwa gramu kabla ya kuzizoea.

Mimi nakaa na mche kwa ukosi, pindo za mikono na soksi, na mfuko mdogo wa unga wenye vimeng'enya kwa sare za shule. Vimeng'enya hukata protini za jasho, maziwa na damu, lakini vinahitaji muda, kwa hiyo loweka nusu saa au zaidi. Hatuhitaji kuchemsha: maji ya Wete yana joto la kutosha, na mafuta ya nazi, yanayoganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwetu karibu daima ni kimiminika. Mche mpya huupanga kivulini wiki mbili kabla ya kuutumia, unyevu utoke, usiyeyuke ovyo kwenye beseni. Nguo za msimu wa karafuu, zenye madoa ya tanini, zianze na unga au sabuni ya maji. Sabuni ya mche ikitangulia inaweza kulifunga doa, kama lilivyo doa la chai. Jiki naitumia kwa nadra, kwenye pamba nyeupe tu, na kamwe siichanganyi na ndimu wala siki, kwa sababu hewa inayotoka hapo ni sumu ya mapafu.

Na doa la manjano? Sabuni huondoa mafuta ya mchuzi na kuiacha rangi. Kukumini ina adui mmoja mkubwa, mwanga wa jua, unaoivunja chembe kwa chembe. Ndiyo sababu bibi aliigeuza kanzu kwenye kamba, akalielekeza doa juani, na alipoianua alasiri hapakuwa na kitu pale.